Kompyuta kugoma kuwaka si daftari kupotea

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wafanyabiashara wa Kampala, na kwa wale wanaovusha bidhaa kati ya jiji hili na Malaba, Busia, Mutukula, Mpondwe au Elegu, daftari hilo sasa limehamia ndani ya kompyuta. Swali ninalotaka tulitazame leo ni hili: kompyuta hiyo ikigoma kuwaka asubuhi, daftari limekwenda wapi?

Nalitazama kama suala la uchumi wa jiji, si la mafundi peke yao, kwa sababu katika miaka michache iliyopita mambo matatu yamekutana.

La kwanza ni kodi. Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilianza kusimamia mfumo wa risiti na ankara za kielektroniki unaojulikana kama EFRIS. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiupinga mfumo huo pamoja na mzigo wa kodi kwa jumla. Mgomo ulikwisha, maduka yakafunguliwa, mfumo ukabaki. Aidha, sheria ya taratibu za kodi ya 2014 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

La pili ni mashine zenyewe. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikabakiza nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha. Mfumo unaoifuata, Windows 11, unadai chipu ya usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine hizo bado zina nguvu ya kufanya kazi ya duka miaka mingi, lakini ofisi za Ulaya na Ghuba zinaziondoa. Nyingine zinakuja kwa makontena, nyingine zinakuja ndani ya masanduku ya ndugu zetu waliokuwa kwenye kyeyo huko Dubai, Doha au London, ambao wamerudi na akiba kidogo na nia ya kufungua biashara. Zikifika hapa, fundi anaziwekea Linux, kwa kuwa ni bure, ni nyepesi na haidai leseni.

La tatu ni umeme. Aprili 1, 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ilichukua usambazaji kutoka kwa Umeme iliyoshika kazi hiyo tangu 2005. Uzalishaji umekua: Bujagali ya megawati 250 ilikamilika 2012, Isimba ya 183 ikaja 2019, na Karuma ya 600 ikazinduliwa 2024. Lakini umeme wa bwawani na umeme wa kwenye soketi ya duka ni vitu viwili. Katikati yake kuna nguzo, nyaya na transfoma, na kila mwenye duka anajua vinavyomfanyia.

Weka mambo hayo matatu pamoja utaona picha yote: kumbukumbu zinazodaiwa na sheria, zimewekwa kwenye mashine kuukuu, zenye mfumo ambao mwenye duka haujui, juu ya umeme usioaminika.

UNACHODAIWA NA UNACHODAI

Wapo watakaosema hofu hii haina msingi, kwa kuwa ankara zikishatumwa EFRIS zinabaki kwenye seva za URA, na hata kompyuta ya duka ikiungua zitapatikana. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitenge wa Arua Park anayepeleka mzigo Juba na Bunia. Ankara zake ziko URA. Lakini orodha ya wateja waliochukua mali kauli, nani kalipa nusu, nani kaahidi mwisho wa mwezi, dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi siku ile, namba ya simu ya dereva, kiasi kilichobaki stoo, yote hayo hayako URA wala popote pengine. Yako kwenye faili moja, ndani ya diski moja, ndani ya laptopu moja.

Kwa maneno mengine, serikali inatunza kumbukumbu ya kile unachodaiwa. Kile unachowadai wenzako unakitunza peke yako. Diski ikifutwa, deni la kodi linabaki palepale, ila deni la mteja wa Juba limegeuka kuwa maneno matupu. Hapo ndipo mtaji wa miaka 10 ya ughaibuni unapoweza kuyeyuka kwa mchana mmoja.

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba namna fundi anavyoshughulika na kompyuta isiyowaka si jambo dogo.

LORI LINAPOKWAMA MALABA

Kila mfumo wa kompyuta una kiini chake, ambacho mafundi hukiita keneli. Hiyo ndiyo sehemu inayozungumza na diski, memori, skrini na kibodi kwa niaba ya programu nyingine zote. Keneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo iko ndani ya seva nyingi za intaneti na ndani ya kila simu ya Android. Hata mama anayeuza vitunguu Bwera akipokea fedha kwenye simu ya Android anaitumia, ingawa hajawahi kusikia jina lake.

Kuwaka kwa kompyuta kunafanana na lori kuvuka Malaba. Kwanza mlinzi wa getini, kisha dirisha la nyaraka, kisha forodha, ndipo lori linaingia barabarani. Katika kompyuta, mlinzi wa getini ni programu ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine, ambayo wengi huiita bayosi. Akiridhika, anampisha kipakizi, ambacho kwa Linux kwa kawaida huitwa GRUB. GRUB inaiamsha keneli. Keneli inaitafuta diski, inafungua mfumo wa mafaili, na mwisho mwenye mashine anaona ukurasa wake.

Lori likikwama dirisha la pili, hakuna mwenye mali anayetangaza kwamba shehena imepotea. Anauliza limekwama wapi na limekosa muhuri gani. Kompyuta nayo inastahili swali hilohilo, na mara nyingi inalijibu yenyewe kwa maandishi ya skrini.

Ikibaki nyeusi bila nembo yoyote, tatizo liko getini: umeme, memori, ubao au bayosi. Ikiandika 'grub rescue', kipakizi hakioni mahali kilipoachiwa maelekezo. Ikiandika 'kernel panic' na kusema haikuweza kufungua mfumo mkuu wa mafaili, keneli imeamka lakini haikuipata diski, na mara nyingi chanzo ni apdeti iliyokatika njiani au nafasi ya kuwekea keneli kujaa. Ikisimama kwenye neno 'initramfs', huenda mfumo wa mafaili umejeruhiwa na unasubiri kutibiwa. Na ikimwaga mistari mfululizo inayolalamikia kusoma na kuandika, au diski ikitoa mlio wa kugongagonga, basi diski yenyewe ni mgonjwa.

Katika hali nne za kwanza, daftari kwa kawaida bado lipo zima au karibu zima. Katika ya tano lipo, lakini muda ni mfupi. Hakuna hata moja kati ya hizo tano ambayo dawa yake ya kwanza ni kufomati.

KENELI NAYO HUKOSEA

Nisieleweke kwamba keneli haina lawama. Zimekuwapo hitilafu za kweli, na ni vizuri mfanyabiashara azijue kwa sababu zinamfundisha namna ya kujilinda.

Desemba 2008 mfumo mpya wa kupanga mafaili, uitwao ext4, ulitangazwa kuwa uko tayari kwa matumizi. Ulikuwa na kasi kuliko mtangulizi wake, ext3, na sehemu ya siri ya kasi hiyo ilikuwa kuchelewa kwa makusudi. Unapohifadhi kitu, ext4 hukiweka kwanza kwenye memori, ikisubiri kukusanya vingi kabla ya kuvipeleka diskini. Ambapo ext3 kwa kawaida iliandika kila sekunde 5, ext4 iliweza kukaa nusu dakika na zaidi. Mwanzoni mwa 2009 watu waliokuwa wakijaribu Ubuntu 9.04 kabla haijatoka rasmi walianza kulalamika: mashine ikizimika ghafla, mafaili yaliyotoka kuandikwa yanakutwa yana jina tu, ndani hakuna kitu.

Theodore Ts'o, mmoja wa waandishi wakuu wa ext4, alieleza kwamba keneli haikuvunja kanuni. Programu ndizo zilizokuwa hazitoi amri ya kulazimisha maandishi yafike diskini. Hata hivyo alitengeneza viraka vya kupunguza madhara, vikaingia katika toleo la 2.6.30 la Juni 2009. Somo lake kwetu ni zito. Kwa mtu wa Helsinki umeme kukatika ghafla ni ajali. Kwa mtu wa Kampala, aliyepitia mgawo wa 2006 wakati maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, ni sehemu ya maisha. Nusu dakika ambayo kule ni salama, hapa ni hatari.

Hitilafu ya pili ilijitokeza mwishoni mwa 2018 katika toleo la 4.19. Baadhi ya watumiaji waliona mafaili yakiharibika bila umeme kukatika na bila diski kuumwa. Lawama zikaangukia ext4. Ts'o akajaribu kuiona hitilafu hiyo kwenye mashine zake, hakuiona. Mapema Desemba ikabainika kwamba ext4 ilikuwa ikisingiziwa. Kosa lilikuwa tabaka moja chini yake, katika sehemu inayopanga foleni ya kazi za diski, na msimamizi wa sehemu hiyo, Jens Axboe, akatoa rekebisho.

Namna kosa lilivyonaswa itamvutia kila mwenye ghala. Tuseme umepokea magunia 1,000 ya maharage yaliyopangwa kwa mstari, na unajua kwamba kuanzia gunia fulani hadi mwisho yote yana unyevu. Huna haja ya kufungua yote. Unafungua la katikati. Likiwa kavu, ubovu umeanzia nusu ya pili. Likiwa na unyevu, umeanzia nusu ya kwanza. Unaigawa tena nusu hiyo, na tena, na kwa majaribio 10 hivi umeshika gunia lenyewe. Matoleo ya keneli hutofautiana kwa mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kugawa katikati, majaribio 14 yanatosha. Katika mkasa wa 2018 mtumiaji mwenye subira aliifanya kazi hiyo, na ndipo macho yakageukia mahali palipostahili.

Ya tatu ni ya Desemba 2023. Debian, mfumo unaoheshimiwa kwa utulivu wake, ulikuwa unatoa toleo la 12.3. Ikagundulika kwamba keneli iliyomo, namba 6.1.64, ingeweza kuharibu data kwenye ext4. Rekebisho moja lilikuwa limehamishwa kutoka matoleo mapya kwenda la zamani bila rekebisho mwenzake lililotakiwa kutangulia. Desemba 9 Debian walisimamisha utoaji na kuwaonya watu wasisasishe. Kesho yake, Desemba 10, wakatoa 12.4 yenye keneli iliyorekebishwa.

Tazama mwendo huo. Onyo lilitolewa hadharani, na dawa ikafuata siku ya pili. Hakuna aliyeficha aibu yake. Huo ndio uzuri wa kazi inayofanywa mbele za watu.

KUTOWAKA KWA 2024

Mwaka 2024 ulitupa mafundisho mawili mengine, safari hii kuhusu kuwaka. Julai 19 apdeti mbovu ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilizilaza kompyuta za Windows duniani, na Microsoft ilikadiria kuwa zilikuwa milioni 8.5. Ndege zilikaa chini, benki na hospitali zikayumba. Programu iliyokosea ilikuwa inafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba kuihama Linux ni kuyahama matatizo ya namna hii.

Mwezi mmoja baadaye, Agosti 13, Microsoft ilitoa apdeti iliyokusudia kuzuia vipakizi vya zamani vya GRUB vyenye udhaifu wa kiusalama. Kwenye mashine zenye mifumo miwili, Windows na Linux pamoja, upande wa Linux ukagoma kuwaka. Skrini ilitoa ujumbe wa kutisha kwamba jambo baya sana limetokea, kisha mashine ikazima. Mlinzi wa getini alikuwa amepewa orodha mpya ya waliokatazwa, na GRUB ya zamani ikajikuta ndani yake. Microsoft iliondoa tatizo hilo kwa apdeti ya Mei 2025.

Sasa ndugu msomaji, jiulize: katika mkasa huo wa Agosti, data zilikuwa wapi? Zilikuwa diskini, hazijaguswa hata herufi moja. Dawa ilikuwa kuingia kwenye bayosi, kuzima kwa muda ule ulinzi wa kuwaka, kuiwasha Linux, kufuta orodha ile kwa amri moja, kisha kuurudisha ulinzi. Ni kazi ya dakika chache. Fundi aliyekimbilia kufomati mashine ya namna hiyo alifuta daftari la mtu kwa kosa la mlinzi wa getini.

MIKONO YENYE HARAKA

Nimekaa na mafundi wengi katikati ya jiji hili, na ninawaheshimu. Wanafufua ubao ambao huko ulikotoka ungetupwa. Lakini kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno: "Tufomati tu, itawaka." Na kweli inawaka. Mteja anaona ukurasa mpya unang'aa, analipa, anaondoka. Anafika dukani ndipo anauliza faili la madeni liko wapi.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Hitilafu ya keneli hurekebishwa ndani ya siku au wiki na watu walio mbali, bure. Kufomati, pamoja na kuandika mfumo mpya juu ya data, hukamilika kwa nusu saa, na baada ya hapo mara nyingi hakuna wa kurudisha kitu. Simlaumu fundi peke yake. Mteja amesimama juu ya kichwa chake akitaka mashine kabla basi la Arua halijaondoka, na bei ya kufomati inajulikana, wakati kazi ya kuokoa data haina bei iliyozoeleka. Soko linamlipa mwenye haraka.

Kuna sababu nyingine ambayo serikali inapaswa kuisikia. Dawa ya hitilafu nyingi ni apdeti, na apdeti huliwa kwenye bando. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12. Mfanyabiashara wa Mutukula anayenunua bando la siku hatalitumia kushusha mamia ya megabaiti za keneli. Anaahirisha leo, kesho na mwaka mzima, na mashine yake inabaki na kasoro ambayo dunia imekwisha kuisahau. Tunadai risiti za kielektroniki kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunatoza ushuru kwenye dawa ya mashine inayozitoa.

UTARATIBU WA KUFUATA

Yafuatayo si ya wataalamu peke yao. Mwenye mali anaweza kusimama mbele ya fundi na kuyadai moja baada ya jingine.

Kwanza, piga picha ya skrini kwa simu kabla ya kuzima. Maandishi yale ni ushahidi wa mahali lori lilipokwama. Diski ikiwa inagongagonga, zima mara moja na usiiwashe tena kujaribu bahati.

Pili, kama ni Linux na GRUB inaonekana, jaribu keneli ya zamani. Mifumo kama Ubuntu na Debian kwa kawaida huiacha ile iliyotangulia, na kwenye orodha ya kuwakia huwa kuna sehemu ya machaguo ya ziada yenye keneli zaidi ya moja. Mashine ikiwaka kwa ya zamani, umeshajua kwamba mgonjwa ni keneli mpya au namna ilivyowekwa. Usianze kufurahi na kufanya kazi. Nakili data kwanza.

Tatu, ikigoma, mwambie fundi aiwashe kwa flashi yenye Linux, bila kugusa diski ya ndani. Mafaili yakionekana, yanakiliwe kwenye diski nyingine hapohapo, mbele yako.

Nne, diski ipimwe afya. Programu iitwayo smartctl inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huzitunza kuhusu majeraha yake. Ikiwa mbovu, chombo kinachofaa ni ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kurudia zile ngumu baadaye. Programu ya kurekebisha mfumo wa mafaili, fsck, itumike kwenye nakala, siyo kwenye diski pekee iliyobaki, kwa sababu kwenye diski inayokufa tiba hiyo huweza kumaliza mgonjwa.

Tano, baada ya nakala kufunguliwa na wewe mwenyewe kuliona faili la madeni kwa macho yako, fomati ukipenda.

Kwa ndugu zetu wanaorejea na mashine, nina nyongeza mbili. Laptopu nyingi za ofisi diski zake zimefungwa kwa msimbo. Msimbo huo ukisahaulika, hakuna fundi wa kuufungua, kwa hiyo hakikisha umeondoa kufuli au umeandika ufunguo kwenye karatasi kabla hujapanda ndege. Na ukinunua mashine kuukuu, huko au hapa, mwambie muuzaji aiwashe kwa flashi mbele yako na abadilishe kitu kimoja kwenye bayosi, aizime, aiwashe tena, muone kama mabadiliko yamebaki. Desemba 2017 Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, waliondoa toleo la 17.10 kwenye mtandao kwa sababu keneli yake ilikuwa ikivuruga chipu ya bayosi ya baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo, kiasi cha kushindwa kuhifadhi mabadiliko na nyingine kukataa kuwaka kwa flashi. Mashine kuukuu ina historia usiyoijua. Jaribio hilo la dakika 5 linaweza kukuambia sehemu yake.

Na kwa wote: diski ya pili na UPS yenye betri nzima si anasa. Nakili kila jioni unapofunga hesabu, na mara moja kwa wiki diski hiyo ilale mahali pengine, siyo kwenye droo ileile ya duka. Nakala iliyo chini ya paa moja na mashine itaungua nayo au kuibiwa nayo.

KAZI YA VIONGOZI

Mwenye duka hawezi kuachiwa mzigo huu peke yake. URA imemtaka aingie kwenye mfumo wa kielektroniki, na wajibu hauishii kwenye kutoza faini. Utaratibu wa kuripoti mashine iliyokufa uandikwe kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiganda, na ubandikwe mahali unapoonekana, Kampala na mipakani, ili mtu asichague kufomati kwa kuogopa siku mbili za kukosa ankara.

Chama cha wafanyabiashara wa jiji, KACITA, kimeonyesha kwamba kinaweza kufunga maduka. Nguvu hiyohiyo inaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kukubaliana na mafundi wa majengo ya biashara juu ya fomu ya ukurasa mmoja, kwamba hakuna diski itakayofomatiwa bila saini ya mwenyewe, na kwamba kuokoa data kuna bei yake inayojulikana. Fundi akilipwa kwa subira, atakuwa na subira. Vilevile maduka ya jengo moja yanaweza kushusha apdeti mara moja na kugawana, badala ya kila mmoja kuungua na bando lake.

Serikali nayo iutazame upya ushuru wa bando. Haiwezekani tukawa na uchumi wa kielektroniki ambao kuutunza kunatozwa kama kuuchezea.

Hayo yakichelewa, na mara nyingi mambo ya namna hii huchelewa, mfanyabiashara bado ana silaha moja mkononi. Ni swali. Kabla fundi hajabonyeza chochote, na kabla wewe hujafungua pochi, muulize: nakala iko wapi? Asipoweza kukuonyesha, chukua mashine yako uondoke nayo ikiwa hivyohivyo, imekufa. Daftari lililo ndani ya kompyuta isiyowaka bado ni lako.